Tulitulize Gari Kabla ya Kulikaza

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii hunijia kila Jumamosi asubuhi nipitapo Moi Drive, hapa mtaani Umoja, na kuwaona vijana wamelizunguka gari lililoshushwa hata tumbo lake likakaribia kulamba lami. Ni umbo la kupendeza, sikatai. Lakini gari hilo hilo likifika kwenye tuta la kwanza, dereva hulazimika kulipitisha upande upande mithili ya kaa, huku matatu zikimpigia honi kwa nyuma.

Majuzi mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo kikuu, alinijia na swali. "Mjomba," aliniuliza, "nizikate springi hizi au ninunue nyingine fupi?" Gari lake ni Subaru Impreza aliloachiwa na marehemu baba yake. Siku za kazi humpeleka mama yake sokoni Mutindwa na wadogo zake shuleni. Mara mbili kwa mwaka hulipeleka kwenye uwanja wa mbio ulioko Athi River, akashindana na saa. Swali lake nimewahi kuulizwa pia na wanafunzi wangu baada ya mihadhara, nami nimeonelea nilijibu hadharani.

Huenda msomaji akauliza: mwanaisimu na gereji wapi na wapi? Jibu langu ni kwamba mimi pia nimewahi kuupenda mchezo huu, nikalipeleka gari langu Athi River, na nikakosea. Isitoshe, kosa langu lilianzia kwenye neno.

Neno lenyewe ni shokomzoba. Mafundi wetu walilipokea kutoka kwa Kiingereza, wakalivunjavunja konsonanti zake, wakazipachika irabu, hata likawa la Kiswahili kabisa. Kimatamshi, kazi hiyo ni ya kupongezwa. Tatizo ni kwamba jina la asili lenyewe lilipotoka. Maana yake ni kitu kinachofyonza mshtuko, ilhali kinachoupokea mshtuko kwanza ni tairi, kisha springi. Shokomzoba kazi yake ni nyingine: humtuliza springi aliyekwisha kushtuka. Wahandisi wengi wa Uingereza hupendelea jina jingine lenye maana ya kitulizi, nao wana haki. Sisi tulipokea jina pamoja na kosa lake. Ndiyo sababu kijana anayetaka gari tulivu kwenye kona hukimbilia springi ngumu, naye asiulize hata mara moja hali ya shokomzoba zake.

Hebu tulitazame jambo hili kwa makini. Springi hubeba uzito wa gari, na kila inapobanwa huhifadhi nguvu. Robert Hooke alieleza mwaka 1678 kwamba kadiri springi inavyobanwa au kuvutwa ndivyo nguvu ya kuirudisha inavyoongezeka. Lakini springi haijui kusamehe. Nguvu iliyopewa huirudisha yote. Ikiachwa peke yake, gari litapanda na kushuka muda mrefu baada ya shimo kupitwa. Hapo ndipo shokomzoba huingia. Ndani yake mna mafuta na pistoni yenye vitundu vidogo. Mafuta yakilazimishwa kupita vitunduni, mwendo wa springi hugeuka kuwa joto, na gari hutulia. Kwa ufupi, springi hubeba na shokomzoba hutuliza. Kuongeza ugumu wa springi bila kuongeza uwezo wa kutuliza ni sawa na kumchokoza fahali na kumwacha bila kamba.

Nami nilifanya hivyo hasa. Fundi mmoja alizikata springi zangu kwa msumeno wa umeme, akaziacha shokomzoba zile zile zilizochoka. Gari lilishuka, nikatembea kifua mbele. Siku ya tatu nilimpakia mama yangu mzazi aliyetoka mashambani. Kufikia Mutindwa alikuwa ameushika mgongo kwa mkono mmoja na kiti kwa mwingine. "Mwanangu," aliniambia kwa upole, "nishushe hapa. Nitatembea." Nilicheka. Sikuona kwamba alikuwa amenipa ripoti ya ukaguzi.

Wiki iliyofuata mtoto aliukimbilia mpira wake barabarani, mbele yangu. Nilikanyaga breki. Lami pale ilikuwa na mawimbi mawimbi, na magurudumu ya mbele yakaanza kurukaruka badala ya kushika. Tairi lililo hewani halina breki, hata breki zenyewe ziwe za gharama gani. Gari lilisimama mbali kuliko nilivyotarajia. Mtoto aliokoka kwa kuwa alikuwa mwepesi wa miguu kuliko mimi nilivyokuwa mwepesi wa akili. Tangu siku hiyo sizungumzii springi kama pambo.

Zipo hasara nyingine za kushusha gari kupita kiasi. Kwanza, nafasi ya gurudumu kupanda hupungua. Tuseme gari lilikuwa na sentimita 8 kabla ya kugonga raba ya kizuizi. Ukilishusha sentimita 4, nusu ya nafasi hiyo imekwenda. Likigonga kizuizi katikati ya kona, ni kana kwamba springi imegeuka jiwe ghafla, na tairi huteleza. Pili, magari yetu mengi huwa na mkono mmoja wa chini unaolishika gurudumu la mbele, huku shokomzoba ikiwa ndiyo mhimili wa juu. Gari likishushwa mno, mkono huo huinuka upande wa gurudumu. Hapo ile nukta ambayo gari huizunguka linapolala konani hushuka zaidi ya kitovu cha uzito kilivyoshuka. Wenzo wa kulilaza gari hurefuka. Yaani kijana amelipia gari lisilale, kumbe ameliongezea sababu ya kulala.

Wapo watakaonipinga kwamba magari ya mashindano huwa magumu, na kwamba washindi hawakosei. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Kwenye lami laini ya uwanja wa mbio, springi ngumu kiasi hulifanya gari litii usukani upesi na kulala kidogo. Lakini ugumu huo ulichaguliwa kwa ajili ya lami hiyo. Tukitaka kujua gari la mashindano kwenye barabara zetu lilikuwaje, tuiulize historia yetu wenyewe. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953. Nick Nowicki aliyashinda mwaka 1963 na 1968 kwa Peugeot 404. Ove Andersson akashinda mwaka 1975 kwa Peugeot 504, na Jean-Pierre Nicolas mwaka 1978 kwa 504 ya muundo wa kupe. Wazee wetu wanazikumbuka 504 zilizobeba abiria kutoka Nairobi hadi bara. Yale ya mashindano yaliimarishwa, naam, lakini sifa waliyozaliwa nayo ni springi laini zenye nafasi ndefu ya kupanda na kushuka. Ulaini huo ndio uliyawezesha magurudumu kubaki ardhini mahali ambapo magari magumu yaliruka na kuvunjika. Mashindano hayo yaliporejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, magari yaliyofika Naivasha yalikuwa yameinuliwa kwa ajili ya mawe na mchanga wa huko. Bingwa huchagua kwa kuitazama barabara, wala hatazami picha ukutani.

Basi barabara ya mpwa wangu ni ipi? Mwaka una siku 365. Mbili ni za Athi River. 363 ni za Moi Drive, Outering na vichochoro vya Umoja. Siku hizo 363 ndizo zenye haki ya kuamua, na zile mbili ziombe ruhusa.

Nilimpa utaratibu huu. Aanze na bushi, tairodi na viungo vyote vya raba. Vikiwa vimelegea, hakuna kifaa kipya kitakachomfaa. Fundi akazikaze boliti za bushi gari likiwa limesimama kwa uzito wake, wala si likining'inia juu ya jeki, la sivyo raba hubaki imesokotwa na huchanika mapema. Pili, anunue matairi mazuri, kwa kuwa nguvu zote za breki na usukani hupita penye kiganja kile kidogo cha mpira kinachogusa lami. Tatu, anunue shokomzoba mpya nne zenye uwezo wa kutuliza zaidi kidogo kuliko zile za kiwandani, na aache springi za asili. Anayenunua shokomzoba iliyokwisha kutumika Japani akumbuke kwamba hanunui chuma, bali ananunua mafuta na mipira ambayo umri wake hauonekani kwa macho. Nne, apime alaimenti. Tano, abadilishe mafuta ya breki kabla ya siku ya uwanjani, kwa maana hunyonya unyevu na yakizeeka huchemka upesi.

Baada ya hapo aende Athi River kwanza, akajifunze. Iwapo bado gari linalala mno, aweke stabilaiza nene kidogo. Hiyo hulizuia gari kulala bila kuzifanya springi kuwa ngumu magurudumu yote mawili yanapopanda tuta pamoja. Nayo ina bei yake: shimo la upande mmoja litasikika hadi upande wa pili. Springi zenyewe, ikibidi, ziwe ngumu kwa kiasi, zimetengenezwa kwa gari hilo, na zioanishwe na shokomzoba zake. Koilova za kurekebishwa ziwe za mwisho, na tena ziwe zile zinazoruhusu kimo kubadilishwa bila kuila nafasi ya gurudumu kupanda. Kukata springi kusiwemo kabisa. Aidha, asome mkataba wake wa bima na kuiarifu kampuni kabla ya kubadilisha chochote.

Nina ombi kwa walimu wa fizikia. Wanafunzi wetu huning'iniza uzani kwenye springi, wakapima urefu, wakachora mstari ulionyooka, kisha wakafunga daftari. Mwalimu, ongeza hatua moja. Uachie uzani ule ucheze juu na chini hewani, na darasa lihesabu mara ngapi. Kisha uutumbukize ndani ya bilauri ya mafuta ya kupikia, uachie tena. Utatulia mara. Waambie wanafunzi: hiyo ndiyo shokomzoba. Dakika tano hizo zaweza kumkinga mtoto fulani anayeufuata mpira barabarani. Nasi walimu wa lugha tuache kudhani kwamba istilahi ni mapambo ya kamusi. Mtu asiye na jina sahihi la kazi ya kifaa hununua kwa macho.

Mpwa wangu alinisikiliza, akanuna kidogo, kisha akanunua shokomzoba nne. Gari lake halijashuka hata sentimita moja na wenzake humcheka. Jumapili iliyopita alitupeleka kanisani. Mama yangu, ambaye ni bibi yake, alikaa nyuma mkono wake ukiwa umetulia mapajani. Tulipita Mutindwa, na hakuomba kushushwa.