Nywila ya Wodi Nzima

Katika wodi nyingi, kompyuta iliyo kwenye dawati la wauguzi ina kikaratasi kilichobandikwa kwa plasta ubavuni mwa skrini. Juu yake limeandikwa jina la mtumiaji na nywila. Muuguzi wa zamu ya asubuhi hufungua mfumo kwa maneno hayo, wa jioni vivyo hivyo, na daktari aliye katika mafunzo kwa vitendo hali kadhalika. Ndugu wa mgonjwa anayesubiri kuulizia majibu husimama hatua moja tu kutoka hapo. Hakuna anayeshangaa. Lakini siku jalada la mgonjwa anayeishi na VVU litakapofunguliwa na mtu asiyehusika, na habari zake zikafika mtaani kabla yeye mwenyewe hajafika nyumbani, kumbukumbu za mfumo zitaonyesha jina moja pekee: la muuguzi ambaye nywila yake ndiyo iliyobandikwa pale. Pengine siku hiyo alikuwa likizo.

Ni rahisi kuuita huu uzembe, na waraka wa onyo huandikwa haraka. Hata hivyo, mtumishi wa afya wa leo ana nywila ya mfumo wa hospitali, ya madai ya bima, ya takwimu za DHIS2, ya barua pepe ya kazi, ya mfumo wa watumishi, na ya baraza la taaluma yake, bila kuhesabu zile za maisha yake binafsi. Kila moja hudaiwa iwe ndefu, iwe na herufi kubwa, tarakimu na alama, na baadhi hudaiwa kubadilishwa kila baada ya miezi mitatu. Akili ya binadamu haikuumbwa kwa kazi hiyo. Anayelazimishwa kubadilisha nywila mara kwa mara huishia kuandika jina la mwezi na mwaka, kisha mwezi ujao na mwaka ule ule. Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani ililitambua hilo, na katika mwongozo wake wa mwaka 2017 ilishauri nywila zisibadilishwe kwa kufuata kalenda, bali pale tu panapokuwa na dalili kwamba zimevuja. Hospitali zinazoendelea na utaratibu wa zamani zinawachosha watumishi wake bila kuwalinda wagonjwa.

Kosa kubwa zaidi ni kutumia nywila ile ile kila mahali, na wataalamu wa tiba wangepaswa kulielewa kuliko watu wengine. Hakuna muuguzi anayemchoma mgonjwa wa pili kwa sindano aliyomchomea wa kwanza, hata kama wa kwanza anaonekana mzima. Nywila inayotumika kwenye akaunti kumi ina tabia ya sindano hiyo: ikichafuka mahali pamoja, hupeleka uchafu huo kote inakoingia.

Kisa cha 23andMe, kampuni ya Marekani ya upimaji wa vinasaba, kinaonyesha jambo hilo waziwazi. Mwaka 2023 wezi walichukua nywila zilizokwisha kuvuja kutoka tovuti nyingine, wakazijaribu kwenye akaunti za wateja wa kampuni hiyo, na zikafungua akaunti zipatazo 14,000, kwa kuwa wenyewe walizitumia pote. Idadi hiyo ingeonekana ndogo. Lakini huduma hiyo huwaunganisha watu na ndugu zao wa damu, na kupitia akaunti hizo wezi walichota taarifa za watu wapatao milioni 6.9. Wengi wao hawakuwa na kosa lolote la nywila; waliambukizwa na jamaa.

Dawa yake ipo, nayo ni programu ya kutunza nywila. Programu hiyo hutunga nywila ndefu isiyobahatishika kwa kila akaunti, huzihifadhi zote zikiwa zimesimbwa, yaani zimegeuzwa kuwa alama zisizosomeka, na humtaka mwenyewe akumbuke nywila kuu moja tu. Bitwarden hutumika bila malipo kwenye simu na kompyuta. KeePass nayo ni ya bure na huweka hazina yote ndani ya faili moja isiyohitaji intaneti, sifa inayofaa sana kituo ambacho mtandao huja na kuondoka. Kuna faida nyingine isiyotajwa mara nyingi: programu iliyounganishwa na kivinjari hutazama anwani halisi ya tovuti kabla ya kujaza nywila. Ukurasa bandia uliopambwa kwa nembo ya bima au ya benki unaweza kumdanganya mtu aliyetoka zamu ya usiku. Programu huona tu kwamba anwani si ile, ikanyamaza.

Wanaohofia kuweka funguo zote mahali pamoja wana hoja. Mwaka 2022 wezi walinakili hazina za wateja wa LastPass, mojawapo ya programu maarufu za aina hii. Nywila zilizomo zilikuwa zimesimbwa, kwa hiyo usalama wa kila mteja ulitegemea ugumu wa nywila kuu aliyoichagua. Somo hapo ni kwamba nywila kuu iwe ndefu kweli: maneno matano au sita yasiyohusiana, yaliyookotwa kwa kufungua kamusi ovyo ovyo, na kuongezewa uthibitisho wa hatua mbili. Kurudi kwenye nywila moja kwa akaunti zote kwa sababu ya tukio hilo ni sawa na kukataa chanjo kwa kuwa mkono uliuma.

Kompyuta ya wodi inahitaji uangalifu wa pekee, maana huko hata programu nzuri huharibika ikitumiwa vibaya. Nywila isihifadhiwe kwenye kivinjari cha mashine inayoguswa na watu ishirini. Mtumishi aisome kwenye simu yake na kuiandika. Na kwa sababu hiyo nywila ya mfumo wa wodi ni vema iwe ya maneno, isiwe msururu wa alama. Uongozi nao umpe kila mtumishi akaunti yake mwenyewe na kumfundisha programu hiyo katika saa za kazi, kama anavyofundishwa kunawa mikono. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti. Kikaratasi cha plasta hakiwezi kutetewa mbele ya sheria hiyo.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Wengi hutumia mwaka wa kuzaliwa kuwa namba ya siri ya pesa za simu, ilhali mwaka huo umeandikwa kwenye kadi ya kliniki, na wengine huitamka kwa sauti kwenye dirisha la malipo ili wasaidiwe. Kwa mzee asiye na mazoea na programu, daftari dogo lililofungiwa kabatini pamoja na hati za nyumba ni bora mara mia kuliko nywila moja ya kila kitu; mwizi wa mtandaoni hawezi kufungua kabati. Nywila kuu iliyotiwa katika bahasha na kukabidhiwa mwana anayeaminika itamsaidia pia siku kiharusi kitakapomnyima usemi na familia ikahitaji nyaraka zake za bima.

Anayeanza leo na aanzie kwenye barua pepe, kwa kuwa ndiko akaunti nyingine zote hutuma kiungo cha kubadilishia nywila. Kisha aitazame namba ya simu iliyosajiliwa humo. Laini iliyoachwa muda mrefu bila kutumika hufungwa, na namba yake yaweza kuuzwa kwa mtu mwingine, ambaye ndiye atakayepokea ujumbe wa uthibitisho.