Tone la Maji Kabla ya Msasa

Katika somo la useremala, mwanafunzi aonapo nta ya mshumaa imedondokea ubao usiopakwa kitu, hukimbilia msasa. Nasi walimu humwachia. Ni kosa letu. Joto la msuguano hulainisha nta ikaingia vitunduni, na vanishi haishiki hapo. Nami nilipata kuharibu kigoda hivyo.

Yafaa somo lianze kwa tone la maji. Likisimama kama ushanga, ilhali mahali safi hunywewa, nta ingalipo. Nta ikwanguliwe ikiwa imeganda, kwa ukingo butu. Kisha mwalimu mwenyewe apanguse kwa tapentaini, madirisha wazi, moto mbali, akibadili kitambaa (kitambaa kichafu huirudisha nta ile ile). Ubao ukikauka, tone lirudiwe, na mwanafunzi ndiye aamue kama vanishi ipakwe.