Filamu za Zamani na Televisheni ya Leo: Tusitupe Asili kwa Kuwa Tuna Nakala

Wanafunzi wa sekondari hapa Kimandolu huuliza swali ambalo kwa juu juu laonekana dogo. Filamu ya Hatari!, ambayo Wamarekani waliipiga huku kwetu mwaka 1960 na 1961, sehemu yake ikiwa Momella, upande wa mashariki wa Mlima Meru, huonyeshwa leo katika televisheni za ubora wa juu, na vumbi linalotimuliwa na kifaru huonekana wazi kabisa. Lakini kanda ya arusi ya mjomba iliyorekodiwa mjini Arusha mwaka 1998, ikionyeshwa katika televisheni hiyo hiyo, nyuso za maharusi hazitambulikani vizuri. Yawezekanaje kitu cha zamani kikawa wazi kuliko cha juzi?

Aghalabu watu hujibu kwamba siku hizi kuna mashine za kusafisha picha. Jibu hilo ni potofu, na ubaya wake hauishii darasani. Mtu anayeamini kwamba mashine huongeza ubora haoni sababu ya kutunza asili. Ataitupa mara akiisha kupata nakala. Hoja yangu ni kwamba uwezo wa picha huamuliwa siku ile inapopigwa. Chombo cha baadaye chaweza kusoma vizuri zaidi kilichoandikwa siku hiyo, lakini hakiwezi kusoma ambacho hakikuandikwa.

Tuanze na maumbile ya vitu vyenyewe. Filamu ni utepe wa plastiki uliopakwa jelatini yenye chumvi za madini ya fedha. Nuru ikipita katika lenzi huzigusa chembechembe hizo, nazo hubadilika. Dawa za maabara hukamilisha kazi, na picha hubaki. Katika filamu ya rangi fedha yenyewe huondolewa, ikaacha rangi mahali pake. Picha za namna hiyo 24 hupigwa katika kila sekunde, na kila moja ni picha kamili ambayo waweza kuishika na kuitazama kwa kioo cha kukuzia.

Kanda ya video ni jambo jingine kabisa. Kamera ya televisheni huikata picha katika mistari, kila mstari ukageuzwa kuwa mkondo wa umeme unaopanda na kushuka, na mkondo huo ukaandikwa kwa sumaku. Katika mfumo uliotumika kwetu mistari ilikuwa 625, na iliyobeba picha ilikuwa 576 tu. Unywele uliopita kati ya mstari na mstari haukuandikwa popote. Kanda ndogo za nyumbani, kama zile za arusi, zilihifadhi hata chini ya hapo, takriban nusu ya undani wa matangazo.

Walimu wa hisabati wanaweza kulifanya jambo hili zoezi. Tuchukue filamu ya wastani iwezayo kutenganisha jozi 50 za mistari, mweusi na mweupe, katika milimita moja; yaani nukta 100 kwa kila milimita. Picha ya filamu ya milimita 35 ina upana wa karibu milimita 22 na kimo cha 16. Hivyo twapata nukta 2,200 kwa 1,600. Televisheni ya ubora wa juu inahitaji 1,920 kwa 1,080. Filamu ya mwaka 1960, basi, ina akiba kupita mahitaji ya televisheni ya leo. Filamu nyembamba ya milimita 16, ambayo picha yake ni kama milimita 10 kwa 7.5, hutupa nukta 1,000 kwa 750: haikijazi kioo cha leo, lakini yaishinda kanda kwa mbali.

Ndiyo sababu michezo mingi ya televisheni ya Marekani, iliyopigwa kwa filamu ya milimita 35, imeweza kurushwa upya kwa ubora ambao watazamaji wake wa kwanza hawakuuona. Lakini hapana budi irudiwe filamu yenyewe. Star Trek: The Next Generation, ya mwaka 1987 hadi 1994, ilipigwa kwa filamu, ikahaririwa katika kanda za video, na kanda hizo ndizo zilizorushwa hewani. Ilipotayarishwa kwa toleo la ubora wa juu, ambalo lilianza kutoka mwaka 2012, mafundi walizirudia filamu za asili na kuunganisha vipande upya, kimoja kimoja. Laiti filamu zile zingetupwa kwa sababu "tunazo kanda tayari", kazi hiyo isingewezekana.

Uingereza inatufundisha upande wa pili. Kanda zilikuwa ghali, na BBC ilifuta nyingi ili zitumike tena. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba vipindi tisa vya mchezo wa Doctor Who vilivyodhaniwa kupotea vilikuwa vimepatikana Jos, nchini Nigeria. Vilikuwa katika filamu, ni kweli, lakini ni filamu iliyonakiliwa kutoka kwenye kioo cha televisheni, na mistari ya kioo kile imo humo humo. Kuweka maji machache katika mtungi mkubwa hakuyazidishi.

Mfano ulio bora kuliko yote, kwa maoni yangu, ni wa hapa nchini. Kuanzia mwaka 1962 Hugo van Lawick alipiga picha za Jane Goodall na sokwe wa Gombe, Kigoma, kwa filamu ya milimita 16. Sehemu ya kazi hiyo ilionyeshwa katika televisheni ya Marekani mwaka 1965. Mabaki yalidhaniwa kupotea, hata mwaka 2014 zikapatikana zaidi ya saa 100 katika hifadhi ya National Geographic. Kutokana nazo ilitengenezwa filamu ya Jane ya mwaka 2017, ambayo majani ya Gombe humo yana rangi na undani usioweza kupatikana katika kioo cha 1965. Goodall alifariki Oktoba 2025. Msichana yule msituni tunaye. Yasikitisha tu kwamba hifadhi yenyewe iko Marekani, si Kigoma wala Dodoma.

Nasi tuna bahati ambayo hatukuitafuta. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994, na televisheni ya taifa ilianza mwaka 2000. Watu walitucheka, hasa kwa kuwa Zanzibar ilirusha picha za rangi tangu miaka ya mwanzo ya 1970. Lakini kwa kuwa hatukuwa na televisheni, yaliyotokea kwetu katika miaka ya 1960 na 1970, kuanzia Uhuru wa Desemba 1961, yalipigwa kwa filamu, kisha magari ya sinema yakayapeleka vijijini. Kwa hiyo hotuba ya mwaka 1965 yaweza kuwa na undani kuliko hotuba ya mwaka 1995. Yaweza, kama utepe wenyewe bado ni mzima.

Utepe huo haudumu kwa miujiza. Plastiki ya asetati ikikaa katika joto na unyevu huoza na kutoa asidi ile ile iliyomo katika siki. Hujikunja, hunywea, na hatimaye haipiti katika mashine yoyote. Dar es Salaam ni mahali pabaya kwa filamu. Miinuko ya Meru ina nafuu, ingawa chumba chenye baridi na ukavu uliopimwa ndio ulinzi wa kweli. Huko Lakilaki, Arumeru, tangu mwaka 2016, lipo jengo la kuhifadhi kumbukumbu za Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, pamoja na rekodi za kesi. Ikiwa kumbukumbu za jirani zimepata nyumba ya namna hiyo mkoani kwetu, sioni kwa nini filamu za taifa zisipate.

Najua nitaambiwa kwamba kuhifadhi ni gharama, na kwamba kompyuta za leo zenye akili ya bandia hukuza kanda mbovu ikapendeza. Hupendeza, nakiri. Lakini kompyuta hubuni kope na nyuzi za kitambaa kutokana na picha nyingine ilizowahi kuona. Katika arusi ya mjomba hilo halina madhara. Katika picha ya mkutano wa hadhara, uso uliobuniwa ni ushahidi wa uongo, na mwanafunzi wa historia hana njia ya kuutambua.

Shule na misheni kadhaa zilikuwa na projekta za milimita 16, na makopo ya bati yangali katika makabati. Mwalimu akilikuta moja asiitie filamu katika projekta kuukuu, maana yaweza kukatika papo hapo. Alifungue kivulini na anuse. Likinuka siki alitenge na mengine, kwa kuwa mvuke wake huharakisha uozo wa jirani zake. Anakili maandishi yote ya kwenye kopo, aliweke mahali penye baridi na pakavu, kisha aiarifu Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa kabla ya masika.