Afya Nyumbani: Kisukari cha Mtu Mzima ni cha Aina Gani?

Mtu mzima anapoambiwa hospitalini kwamba ana ugonjwa wa kisukari, swali la kwanza la jamaa zake huwa ni la chakula: ale nini, na aache nini. Ni nadra kuulizwa swali la pili, lenye uzito uleule: je, kisukari hicho ni cha aina gani? Katika kadi yake huandikwa "aina ya pili", vidonge hutolewa, na mambo huonekana yamekwisha. Kwa wagonjwa wengi maandishi hayo ni sahihi. Kwa baadhi yao si sahihi, na kosa hilo laweza kumgharimu mtu maisha yake.

Kongosho, kiungo kilicho nyuma ya mfuko wa tumbo, ndicho kinachotengeneza insulini. Kazi ya insulini ni kuiwezesha sukari iliyomo katika damu kuingia mwilini na kutumika, kama kuni zinavyotumika jikoni. Katika kisukari cha aina ya kwanza, kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, hugeuka na kuziangamiza chembe zinazotengeneza insulini. Mgonjwa wa namna hiyo hana budi kupata sindano za insulini maisha yake yote. Katika aina ya pili insulini ipo, ila mwili hauitii ipasavyo, na kongosho huchoka kidogo kidogo. Mgonjwa huyo aghalabu huanza na utaratibu wa chakula, mazoezi na vidonge kama metfomini.

Zamani aina ya kwanza iliitwa kisukari cha utotoni, na ya pili kisukari cha ukubwani. Majina hayo yaliachwa kwa kuwa yalipotosha. Uchunguzi uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kati ya watu waliopata aina ya kwanza kabla ya kupita umri wa miaka 60, 42 katika kila 100 waliipata baada ya kutimiza miaka 30. Lakini katika umri huo wagonjwa wa aina ya pili ni wengi mno, hata hao wachache hupotea katika umati na kupewa jina lisilo lao. Tena iko namna ya ugonjwa huu wa kinga iendayo polepole: vidonge huonekana vinafaa kwa miezi au hata miaka, kisha hushindwa.

Mfano unaojulikana ni wa Bibi Theresa May. Mwaka 2012, alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani wa Uingereza, mwenye dhamana ya polisi, alikuwa na umri wa miaka 56. Alipungua uzito, naye akadhani ni kwa sababu ya kazi nyingi. Madaktari walimwambia ana kisukari cha aina ya pili, wakampa vidonge. Vidonge havikusaidia. Vipimo zaidi vikaonyesha kwamba ni aina ya kwanza, akaanza insulini. Mwaka 2013 aliwaeleza wananchi wake habari hiyo, na kuanzia mwaka 2016 hadi 2019 aliongoza serikali ya nchi yake huku akijidunga sindano kila siku. Ikiwa waziri katika nchi yenye hospitali nyingi aliandikiwa jina lisilo sahihi, si ajabu jambo hilo kumpata koplo au mkewe.

Hapa Afrika suala hili lina ugumu wake. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2025, uliofanywa Kameruni, Uganda na Afrika Kusini, uliwahusu watu waliougua kabla ya umri wa miaka 30 na ambao walitibiwa kama wagonjwa wa aina ya kwanza. Zaidi ya nusu ya Waafrika weusi miongoni mwao hawakuonekana kuwa na kingamwili zinazoonyesha kwamba kinga ndiyo iliyoshambulia kongosho. Basi wembamba peke yake si ushahidi wa aina ya kwanza, kama unene nao usivyo ushahidi kamili wa aina ya pili. Wako pia watu wazima wanaofikishwa hospitalini mahututi, wakaokolewa kwa insulini, na baada ya miezi kadhaa daktari akaona kwamba vidonge vyawatosha. Kwa sababu hizo Shirika la Afya Duniani, katika mpangilio wake wa mwaka 2019, liliweka fungu la kisukari ambacho aina yake haijabainika. Daktari asemaye kwamba bado hajaijua aina hastahili kudharauliwa. Huenda ndiye mwangalifu kuliko wote.

Zipo dalili zinazopasa kumfanya mgonjwa arudi na kuuliza: kukonda haraka bila kukusudia, sukari kutoshuka ingawa vidonge vinamezwa kama ilivyoagizwa, na kuwa na jamaa mwenye aina ya kwanza au ugonjwa mwingine wa kinga, kama ule wa tezi ya shingo. Daktari aweza kuagiza mkojo upimwe ketoni, kipimo rahisi na cha haraka. Katika hospitali kubwa hupimwa kingamwili katika damu, na pia C-peptidi, ambayo huonyesha kongosho bado linatoa insulini kiasi gani. Vipimo hivi viwili havipatikani kila zahanati, na vina gharama; kwa hiyo ni vema mgonjwa aombe maelekezo ya kupelekwa hospitali ya rufaa mapema, kabla hajazidiwa.

Kuna dhuluma moja ambayo hutokea majumbani pasipo mtu kukusudia. Askari anakonda, sukari inapanda, na mkewe anasadiki kwamba mumewe anakunywa soda kwa siri akiwa lindoni. Mume anaapa, haaminiwi. Kumbe kongosho lake limekwisha nguvu, na hata akila mtama na mboga peke yake sukari haitashuka. Badala ya kuteta, afadhali daftari moja liwekwe nyumbani. Humo uandikwe uzito wa kila juma, vipimo vya sukari, dawa zilizomezwa na saa zake. Daftari hilo likiwekwa mbele ya daktari litamwonyesha kwa nini kadi ichunguzwe upya. Askari ahamishwapo kikosi, na aende nalo, kwa maana mganga wa kituo kipya hamjui.

Mambo mawili hayangoji daftari. La kwanza, mwenye kisukari anayetapika, kuumwa tumbo, kuhema kwa nguvu, kutoa pumzi yenye harufu kama ya matunda yaliyoiva mno, au kuanza kusinzia ovyo, apelekwe hospitali saa ileile, iwe usiku au mchana. La pili, mgonjwa aliyekwisha anzishwa insulini asiiache kwa shauri la jirani, la muuza mitishamba, wala kwa kusikia kwamba huenda aina yake ni nyingine. Ni daktari peke yake awezaye kuibadili au kuiondoa, hatua kwa hatua, huku akipima.

Kubadilishiwa jina la ugonjwa si aibu kwa mgonjwa, wala kuhamia kwenye sindano si adhabu ya ulafi. Ni tiba iliyompata mwenyewe. Basi katika kila nyumba yenye mtu mzima aliyeandikiwa kisukari, kadi itolewe na isomwe. Na ikiwa mwili wa mwenye kadi unasema vingine, daktari aulizwe.