Mpondwe: Fedha za afya zinapoibwa ng'ambo moja, mpaka mzima huugua

Tarehe 11 Juni 2019, Uganda na Shirika la Afya Duniani, WHO, zilithibitisha kwamba mtoto wa miaka 5 aliyetokea Kongo alikuwa na Ebola. Alipokelewa katika hospitali ya Kagando, akahamishiwa kituo cha Bwera, wilayani Kasese, na huko akafariki dunia. Mdogo wake na bibi yake nao wakafariki. Hata hivyo, ugonjwa haukuenea ndani ya Uganda.

Hiyo haikuwa bahati. Wahudumu wa afya wapatao 4,700 katika vituo 165 walikuwa wamekwishachanjwa, na wasafiri walikuwa wakipimwa joto mpakani Mpondwe. Agosti mwaka huo, upimaji huo ndio uliomgundua msichana mwingine mgonjwa, wa miaka 9.

Ng'ambo ya mto Lhubiriha hali ilikuwa tofauti. Mlipuko wa mwaka 2018 hadi 2020, uliozikumba zaidi Kivu Kaskazini na Ituri, uliua zaidi ya watu 2,200. Vita vilichangia, lakini pia wakaazi wengi wa Beni na Butembo waliuona ugonjwa huo kuwa biashara ya wakubwa. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Machi 2020 mahakama mjini Kinshasa ilimhukumu waziri wa zamani wa afya, Oly Ilunga, miaka 5 ya kazi ngumu kwa ubadhirifu wa zaidi ya dola 400,000 za kupambana na Ebola. Yeye alikana mashtaka hayo.

Katika mapambano yaliyogharimu mamilioni ya dola, kiasi hicho ni kidogo. Kilichopotea zaidi ni imani. Mgonjwa asiyewaamini wanaomtibu hujificha, hukimbia, au huvuka mpaka kwa njia za panya.

Uganda nayo haiwezi kuinyooshea Kongo kidole. Agosti 2005 Mfuko wa Dunia wa kupambana na Ukimwi, kifua kikuu na malaria ulisimamisha kwa muda misaada yake yote kwa nchi hiyo kutokana na usimamizi mbovu wa fedha. Mwaka 2009 mahakama ya rushwa mjini Kampala ilimfunga afisa wa usalama, Teddy Seezi Cheeye, miaka 10 kwa kuiba sehemu ya fedha hizo. Hadi leo dawa za serikali hupigwa mhuri unaokataza kuuzwa, ishara kwamba wizi wake si jambo geni.

Wakonzo wa Kasese na Wanande wa Beni ni ndugu. Huuguzana, huzikana na hukutana katika soko la Mpondwe. Lakini mkaguzi wa hesabu wa Kampala hana mamlaka Kinshasa, wala wa Kinshasa hana mamlaka Kampala. Maadamu uwajibikaji unaishia mpakani nao ugonjwa unavuka, muuguzi wa Bwera ataendelea kulipia fedha zilizoibwa mahali ambapo hana sauti.