Ndosho: Fundi wa mbao atoe kadi ya mbao

Katika kata ya Ndosho, komini ya Karisimbi, anayetafuta fundi haulizi namba ya parseli. Anauliza ni wapi yule anayetengeneza milango, naye anaelekezwa kwa bango la bati lililotundikwa mbele ya atelye. Shida ni kwamba bango halihami, wakati watu wa Goma wamehama mara nyingi. Januari 17, 2002, lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu. Mei 2021, siku chache baada ya volkano kulipuka tena, sehemu kubwa ya mji iliamriwa kuondoka. Mwisho wa Januari 2025 ikawa vita. Fundi anayekimbia na vyombo vyake anaweza kuanza upya kwingine, lakini wateja watampata namna gani? Ndiyo maana kadi ya biashara si anasa ya watu wa ofisi.

Kwa bahati mbaya, kadi nyingi zinanakiliwa kutoka intaneti: mikono miwili inayosalimiana, jengo la ghorofa ishirini, herufi za rangi ya dhahabu. Chini yake imeandikwa "DG", kwa mtu mwenye cherehani moja na mwanafunzi mmoja. Kadi ya namna hiyo haisemi lolote kuhusu kazi yake.

Seremala ana kadi chini ya meza yake na anaifagia kila jioni. Kipande cha tripleksi kilichobaki, akikikata milimita 85 kwa 55, akakipiga msasa na kukigonga muhuri wenye jina na namba, kinamwonyesha mteja jinsi anavyomaliza pembe za kazi yake. Mshonaji naye ashone kipande cha kitenge juu ya karatasi ngumu. Mshono ukiwa umepinda, mteja ataona, na ni haki yake kuona. Fundi wa pikipiki aache upande wa nyuma mistari ya kuandika tarehe ya kubadilisha mafuta. Motari ataitunza kwa sababu inamfaa.

Gharama si kisingizio. Karatasi ngumu moja ya A4 inatoa kadi kumi, na muhuri mmoja unagonga mamia. Kuchapisha kadi mia tano kwa mara moja, halafu laini ipotee mwezi unaofuata, ndiko kupoteza franga.

Namba yenyewe inahitaji uangalifu kuliko rangi. Tangu benki za Goma zilipofungwa baada ya AFC/M23 kuingia mjini, simu imekuwa pia sanduku la pesa. Kadi ikisema "Ets Grâce" na ujumbe wa M-Pesa au Airtel Money ukaleta jina la shemeji, mteja anasita, tena ana sababu. Jina lililosajiliwa kwenye laini liandikwe kwenye kadi, hata kama si zuri kama lile la bango.

Wapo watakaosema kwamba mashirika hayawezi kumchukulia kwa uzito fundi mwenye kipande cha ubao. Lakini shirika linaloagiza madawati litadai RCCM na namba ya kodi, na mahali pa hayo ni kwenye faktura. Wengine watasema WhatsApp inatosha. Inatosha mpaka simu iibiwe au umeme ukatike siku mbili. Kadi iliyo ndani ya mkoba wa mama haihitaji chaji.

Seremala anaweza hata kuongeza kitu kimoja: achore sentimita kwenye ukingo mrefu wa kadi, kutoka sifuri hadi nane. Mteja akirudi nyumbani nayo ataiweka karibu, kwa sababu kesho kuna bawaba ya kupima.