Wamebaki Wangapi Butiama?

Kampuni za simu zinapoungana, magazeti ya Dar es Salaam huuliza nani sasa ana wateja wengi zaidi. Swali hilo ni la wenye hisa. Makala haya yana swali jingine: muuza dagaa wa mwaloni Musoma, au mwenye duka la pembejeo Butiama, amebakiwa na njia ngapi za kupokea pesa na kupata intaneti?

Tazama meza ya wakala wa pesa za simu, Bunda mjini. Simu za kitochi tatu au nne, kila moja na laini yake ya uwakala, namba yake ya siri na floti yake, yaani salio la kuhudumia wateja. Mtaji wenyewe mdogo, umekatwa mafungu. Mteja anataka kuweka laki tatu HaloPesa, kumbe floti yote imelala M-Pesa. Anavuka barabara kwa wakala mwingine. Kwa mtu huyu kampuni mbili kuungana ni nafuu, kwa kuwa fungu moja linapungua, na wanaopinga kila muungano wangepaswa kukaa kwenye benchi lake hata asubuhi moja. Ubaya unakuja baadaye, kamisheni ikipunguzwa naye hana kampuni nyingine ya kuhamishia nguvu zake.

Mengi tuliyoyaona yalikuwa mabadiliko ya mwenye mali au jina tu. Celtel ikawa Zain mwaka 2008, Zain ikawa Airtel 2010. Millicom, iliyokuwa ikimiliki Tigo ya Tanzania, iliiuza mwaka 2022 kwa wawekezaji walioongozwa na Axian, na Novemba 2024 likaja jina la Yas. Stika zikabadilishwa, kazi ikaendelea. Muungano hasa ulikuwa wa Tigo na Zantel, ulioanza Millicom iliponunua asilimia 85 ya Zantel mwaka 2015. Ngome ya Zantel ilikuwa Zanzibar, na huko uchaguzi ulipungua kweli. Butiama mtu aliweza kulala na kuamka asijue kwamba kuna lililotokea. Muungano uleule, uzito mbalimbali, na takwimu ya taifa zima haiwezi kuuonyesha.

Wingi wa mabango ya kampuni nao hudanganya. Vodacom na Tigo ziliuza minara yao kwa Helios Towers, kwa hiyo laini mbili za fundi cherehani wa Nyamuswa huenda zinategemea mnara mmoja, na mnara ukizimika zinazimika zote. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu baharini, na wateja wa mitandao tofauti wakakwama siku moja. Aliyenunua laini ya pili kama akiba aligundua kuwa njia ilikuwa ileile.

Kilichomlinda mfanyabiashara mdogo kimekuwa kanuni na makubaliano zaidi ya wingi wa kampuni. Mwaka 2014 Airtel, Tigo na Zantel zilianza kuruhusu pesa kuvuka kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, Vodacom ikaingia 2016. Mwaka 2017 ikawezekana kuhama kampuni bila kuacha namba yako, ile iliyoandikwa kwa rangi mlangoni na inayojulikana na wateja wote hadi Sirari. Mlango wa kutokea ukiwepo, hata kampuni kubwa huwa na adabu.

Hesabu ya wanaobaki imeshafanywa kwingine. Marekani, Hewlett Packard Enterprise ilipotaka kuinunua Juniper, kampuni nyingine ya vifaa vya mtandao, kwa takriban dola bilioni 14, Wizara ya Sheria ilikwenda mahakamani Januari 2025. Hoja yake ilikuwa kwamba wauzaji wakubwa wa vifaa vya mtandao usiotumia waya kwa makampuni wangebaki wachache mno. Kesi ilimalizwa kwa makubaliano yenye masharti, na ununuzi ukakamilika Julai. Waliohesabiwa pale walikuwa wanaobaki, na hesabu ilifanywa mbele ya watu.

Tume ya Ushindani tunayo, kwa sheria ya mwaka 2003, na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, tunayo. Tunachoomba ni kwamba ombi lijalo la kuunganisha kampuni liambatane na orodha ya kata kwa kata: Buhemba zinabaki kampuni ngapi zenye mawimbi ya kutosha kuendesha biashara, Butiama ngapi, na ngapi kati yake zina minara yao zenyewe. Orodha hiyo ibandikwe ofisi ya kata, kwa Kiswahili, kabla kibali hakijatolewa, na wakala aulizwe kuhusu kamisheni yake wakati jibu lake bado linaweza kubadili kitu.